Kiko cha kuanzia: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kabla hujavutiwa na rangi wala nakshi za kiko cha kuvutia mitishamba au tumbaku, omba waya ya kusafishia, ile nyembamba iliyovikwa nyuzi laini, uipitishe mdomoni mwa kiko mpaka itokezee ndani ya kichwa, kile kikombe cha kutilia majani. Ikitokezea chini kabisa, katikati ya sakafu, kiko hicho kimetobolewa na mtu anayeijua kazi yake. Ikitokezea juu zaidi, chini ya tundu patabaki majani yaliyolowa yasiyoungua, na kila ukivuta kiko kitakoroma. Ikikwama njiani, mrudishie mwenyewe. Kipimo hiki hakimalizi hata dakika moja, na kimeniepusha na viko vingi vizuri vya kutazama tu.

Kipimo cha pili ni pua. Nusa ndani ya kichwa. Ukisikia harufu ya rangi au vanishi, jua utaivuta pamoja na moshi. Kiko changu cha kwanza kilipakwa vanishi hadi ndani, nami nikadhani ule uchungu ni wa majani. Nilibadilisha majani mara tatu kabla ya kukishuku kiko chenyewe.

Kwa anayeanza, nafasi ya kwanza naipa kiko cha gunzi. Ndiyo, gunzi la mahindi. Watu hucheka, lakini gunzi lililokauka sawasawa ni gumu, jepesi, na hunyonya unyevu wa moshi kuliko kiko cha bei mara kumi. Hutobolewa kichwa, kisha nje huzibwa vishimo kwa plasta. Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, vimekuwa vikitengenezwa tangu 1869, na Jenerali Douglas MacArthur alipigwa picha nyingi akiwa na chake kirefu mdomoni. Hakihitaji kuzoeshwa, siku ya kwanza tu kinavutika. Ubovu wake ni mmoja: ukikikokea moto kama jiko, kinatoboka chini. Usikigonge kwenye jiwe kutoa majivu. Kikifa, utakuwa umeshajua kama unataka kingine cha kudumu au shauku ilikuwa ya mwezi mmoja.

Cha pili ni cha briari. Hii ni ile nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya kichaka cha Erica arborea, kinachomea kandokando ya Bahari ya Mediterania. Nundu huchemshwa kwa saa kadhaa na kukaushwa kwa miezi kabla ya kuchongwa, ndiyo maana hustahimili moto ambao ungezigeuza mbao nyingine kuwa mkaa. Ukinunua, kigeuze kwenye mwanga utafute viraka vya gundi vilivyofichwa chini ya rangi. Viraka viwili vitatu vidogo havina neno; vikizidi, umeuziwa gundi.

Briari hutaka subira. Mara za kwanza jaza nusu kichwa tu, uvute polepole mpaka chini, ili kuta zipate ukoko. Ukoko ule ule wa sufuria ya wali, ila huu ni wa mkaa na unatakiwa: hukinga mti usiungue. Uache ufikie kama milimita moja, ukizidi uukwangue, maana ukoko mnene ukipata joto hutanuka na kupasua kichwa. Kisha kipumzishe siku nzima baada ya kukivuta, kikauke. Na usiuchomoe mrija kiko kikiwa moto. Nilifanya hivyo mara moja, kwa haraka ya kusafisha. Ulisikika mlio mdogo kama wa kijiti cha kiberiti, nikabaki na vipande viwili mkononi.

Kwa mitishamba peke yake, hasa ukipenda kubadilisha majani, kioo kinakuja cha tatu, na huenda kwako kikawa cha pili. Hakishiki harufu ya jana, na uchafu unauona kwa macho. Tafuta kioo kinene cha borosiliketi, ambacho hakipasuki ovyo joto likibadilika. Mara nyingi huwa na kitundu pembeni mwa kichwa: unakiziba kwa kidole wakati wa kuwasha, kisha unakiachia ili moshi uliobaki upite. Kikianguka, basi.

Kiko cha udongo ni cha nne: ladha safi, lakini kichwa kinachoma vidole, kwa hiyo shika mrija. Mershamu, lile jiwe jeupe laini linalochimbwa karibu na Eskişehir nchini Uturuki, ni zuri mno, na kwa miaka hugeuka rangi ya asali. Kwa anayeanza ni mapema.

Cha chuma nakiweka mwisho. Kinapata moto haraka, moshi unafika mkali, na vile vya bei ya chini huwa na rangi au zinki ambayo haifai kukaribiana na moto.

Kujaza: saga majani, usiyafanye unga. Dondosha kidogo kidogo, shindilia chini kwa wepesi na juu kwa nguvu kiasi. Vuta kabla ya kuwasha. Hewa ipite kama unakunywa maji kwa mrija. Ikigoma, mwaga uanze upya. Washa kwa kuzungusha moto juu ya majani, yatainuka; yashindilie taratibu, uwashe tena. Mitishamba huungua upesi kuliko tumbaku, kwa hiyo kichwa kidogo kinatosha. Ukishindwa kukigusisha kichwa shavuni kwa joto, unavuta kwa pupa: weka chini.

Moshi ni moshi, lakini. Jani lolote likiungua hutoa lami na kaboni monoksidi, hata kama halina nikotini, na neno “asilia” kwenye pakiti halipunguzi chochote. Mwenye pumu au mimba asivute. Majani ya mapambo yaliyotiwa manukato si ya kiko, na usichume kichaka usichokijua: moshi wa oleanda ni sumu. Mengine ni shauri la sheria ya unapoishi.

Usafi ni kila siku: pitisha waya kiko kikishapoa, mwaga majivu. Kiko cha mti au gunzi usikiloweke majini. Cha kioo tia chumvi ya mawe na spiriti ya kusafishia, ziba matundu, tikisa mpaka masizi yatoke, suuza kwa maji mengi, ukiache kikauke kabisa kabla ya kusogeza moto.