Windows ya Shilingi Elfu Kumi: Tathmini ya Huduma Niliyoinunua Mwanza

Nina stesheneri ndogo Nyegezi, kwenye njia wanayopita wanafunzi wa chuo, na kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kujalidi. Kompyuta zangu mbili kati ya nne zilipoanza kusuasua, nilizipeleka kwa daladala hadi duka moja la ufundi upande wa Makoroboi, ambalo jina lake nalihifadhi kwa sababu ninachokieleza hapa hakipatikani kwake peke yake. Tangazo la mlangoni lilisomeka: "Tunapiga Windows, Office na programu zote, 10,000/=".

Kwa kasi, duka hilo halina mpinzani. Fundi, kijana mpole na mwenye mikono mizuri, alifungua mashine, akafagia vumbi kwa brashi ya rangi, akachomeka flashi, na kabla sijamaliza soda yangu Windows mpya ilikuwa imekwisha kuingia. Jambo moja nililiona kwa macho yangu bila kulielewa: kabla ya kuendesha programu ya mwisho iliyokuwamo kwenye flashi, aliingia kwenye mipangilio na kuzima kinga ya virusi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mama, hii antivairasi ina wivu, ikiiona tu inaifuta." Nilipoomba leseni, alicheka kwa heshima: "Leseni ya nini tena, mama? Si inawaka?" Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa bila kubembeleza, na kwa hilo nawapongeza, ila imeandikwa "huduma ya kompyuta", wala haitaji popote kwamba nimenunua Windows. Risiti ilikuwa na ukweli kuliko tangazo.

Nilikuja kuelezwa baadaye na mpwa wangu, anayesimamia mitambo ya namna hiyo kazini kwake. Microsoft huyauzia mashirika makubwa leseni za jumla: badala ya kila kompyuta kuingiziwa ufunguo wake, shirika huweka seva moja inayozithibitisha mashine zake zote, na kila mashine hutakiwa kuirudia seva hiyo na kuthibitishwa upya kabla ya siku 180 kwisha. Programu ya kwenye flashi hujifanya seva ya shirika. Kwa hiyo haifanyi kazi yake mara moja ikaondoka, bali hukaa humo humo ndani ya kompyuta kwa mamlaka ya msimamizi, ikiidanganya Windows kila inapouliza, na ili isikamatwe lazima kinga izimwe au iagizwe isilikague folda lake. Aliyeiandika hajulikani, na hakuna anayejua ni kitu gani kingine amekiweka ndani yake. Mimi nililipa elfu kumi kumkaribisha huyo mtu asiye na jina kwenye mashine ninayohifadhia kazi za watoto wa watu.

Mwezi wa tatu, asubuhi, mafaili yote ya folda la wanafunzi yalikuwa yameongezewa herufi ngeni mwishoni na hakuna lililofunguka. Kando yake palikuwa na barua fupi ya kudai dola ili yafunguliwe. Ripoti za utafiti kumi na moja zilikuwa zinasubiri kuchapwa. Tisa wenyewe walikuwa nazo kwenye barua pepe, na wawili ilibidi waandike upya kutoka kwenye rasimu zilizojaa wino mwekundu wa wasimamizi wao. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni programu ile, kwani flashi za wanafunzi nazo zina mengi. Ninachojua ni kwamba siku hiyo kinga ilikuwa imezimwa, na masasisho ya Windows yalikuwa yamefungwa tangu dukani. Shambulio la WannaCry la Mei 2017, nalo la kufunga mafaili na kudai fedha, lililozitikisa hata hospitali za Uingereza, lilipitia tundu ambalo Microsoft ilikwisha kulitolea kiraka Machi ya mwaka huo huo. Kiraka hakimfikii aliyefungiwa masasisho. Niliporudi dukani nilipewa punguzo: kupiga upya, elfu saba.

Kuhusu sheria, kwa kifupi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na mimi ninayekataa kumtolea mwanafunzi kopi ya kitabu kizima sikuwa na cha kujitetea.

Sasa nina kompyuta moja iliyokuja na leseni yake kutoka kiwandani, kwa kazi zinazolazimu Word yenyewe. Zile tatu kuukuu, ambazo hazitimizi masharti ya Windows 11 na ambazo Windows 10 iliziacha mkono tarehe 14 Oktoba 2025, nimeziwekea Ubuntu badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, ambazo ni bure na leseni zake zinaruhusu kunakili na kugawa. Wa umri wangu wataikumbuka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, menyu zake zote kwa Kiswahili. LibreOffice ni ya ukoo huo huo. Sitaisifu kupita kiasi. Wiki ya kwanza ripoti ya kurasa 84 ilifunguka ikiwa na kurasa 87 na orodha ya yaliyomo yote ikapotea njia, kwa sababu iliandikwa kwa fonti ya Calibri ambayo Ubuntu haina. Mpwa wangu alipoongeza Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule, kurasa zilirudi 84. Majedwali yenye picha ndani bado hunisumbua, na hayo nayahamishia kwenye ile mashine ya Word. Wanaotaka SPSS, programu ya takwimu, nawaonyesha PSPP, mbadala wake wa bure. Wengine hununa, lakini kwa hesabu za ripoti ya shahada ya kwanza inatosha.

Duka la Makoroboi nalipatia alama mbili kati ya tano: moja kwa kasi, na ya pili kwa kuwa kijana alirudisha skrubu zote mahali pake.