TAHADHARI: Huyu wa "mianzi ya Mindoro" ni tapeli

Wadau, nimepigwa, na aliyenipiga bado yuko sokoni anauza. Ile pesa niliyokuwa naitunza, ndiyo hiyo imekwenda.

Anajitambulisha kuwa Mmangyan, mwenyeji wa asili wa kabila la Hanunuo, kisiwa cha Mindoro, Ufilipino. Eti anachonga ambahan, mashairi ya kwao, kwa kisu juu ya mwanzi, anapiga picha, anaisajili kuwa NFT, yaani hati ya kidijitali ya umiliki, moja tu duniani. Nilimwamini kwa sababu mambo aliyajua. Alinieleza kuwa mstari wa ambahan una silabi saba, na kwamba UNESCO iliyaorodhesha maandishi ya Hanunuo mwaka 1999. Nikahakiki, kweli tupu! Akatuma video ya mikono ya mzee ikichonga, unga wa mwanzi unadondoka magotini. Nusu ya malipo, akasema, inawafundisha watoto kijijini. Mtu mwenye moyo angekataaje? Usiku ule akaniharakisha, kuna Mjapani anaitaka. "Kaka, nachonga na jina la binti yako." Nikabonyeza kuthibitisha. Etha zangu, sarafu ya kidijitali, zikaondoka, na muamala wa blokucheni, daftari la kidijitali la miamala hiyo, ukishapita haurudishwi na mtu.

Asubuhi nikamwonyesha dada mmoja Mfilipino wa zamu yetu kazini, amekulia Mindoro. Akaikuza picha kwa vidole, akakunja uso. Akasema maandishi hayo si ya Hanunuo, ni baybayin, maandishi ya kale ya Watagalogi, tena fonti ya kompyuta imebandikwa juu ya picha ya mwanzi. Jina la binti yangu, Neema, lingetosha kwa herufi tatu, ya kwanza na kialama juu yake ili "na" isomeke "ne". Huyu mwizi kachapa tano, linasomeka na-i-i-ma-a. Dada wa watu alinyamaza kabisa. Niliona aibu mbele yake, maandishi ya kwao kufanywa mtego wa pesa!

Afungwe! Kama kweli yuko Ufilipino, ipo sheria ya 1997 inayolinda haki na utamaduni wa wenyeji wa asili. Wamshike, wamfilisi, arudishe kila senti.

Mkimkuta: pochi yake ya kidijitali ina mwanzi uleule, safari hii anauita wa Kijava. Simu ya video hapokei. Na picha haimo kwenye blokucheni yenyewe, tokeni, yaani hiyo NFT, ina kiungo tu cha kwenda kwenye seva yake, leo nimekifungua hakuna kitu.

Aliyeibiwa naye anitumie ujumbe pamoja na namba ya muamala. Malalamiko nayapeleka wiki hii.