Programu ya kugeuza vikombe kuwa gramu imeniharibia jamu ya embe

Wallahi hasira bado hazijanitoka. Mie napika jamu na achari za kuuza hapa nyumbani Mwanakwerekwe, Unguja. Programu hii niliipakua siku si nyingi kabla ya Ramadhani, maana mapishi niliyopata yalikuwa ya Kimarekani, na hayo embe unaipima kwa vikombe. Mie embe nanunua kwa fungu, namenya, natia kwenye mizani. Nilitaka uzito.

Nikaandika: embe iliyokatwakatwa, vikombe 12. Jibu likaja hapo hapo, gramu 1,980, yaani 165 kwa kikombe. Haikuuliza vipande vikubwa au vidogo. Haikuuliza umeshindilia au umemimina tu. Hata kikombe chenyewe haikusema ni cha wapi, cha Marekani kisichofika mililita 240 au hiki cha 250.

Mapishi yalitaka vipande vidogo kama mbaazi. Nikapima 1,980 kamili, nikatia sukari yote niliyoambiwa, nikakamulia ndimu. Jamu ilipopoa ikafanya chengachenga. Ukitia kijiko inakwaruza kama mchanga. Chupa 10, na zote zishalipiwa!

Usiku ule ule nikakaa jikoni na mizani yangu. Embe boribo, vipande vikubwa vya saladi, kikombe kimoja: gramu 158. Embe hiyo hiyo nikaikata ndogo ndogo, maji yake yakashuka yakajaza nafasi zote: 190. Zidisha mara 12, ni 2,280. Kumbe embe ilipungua gramu 300 na sukari ikabaki ile ile. Ndiyo maana sukari ikaganda chengachenga.

Bibi yangu alipima mchele kwa kibaba na gramu hakuzijua, lakini ukienda kumuazima alikuuliza kwanza: cha mfuto, kilichosawazishwa juu, au cha kujaa? Swali kama hilo moja tu lingeniokoa.

Haki lazima niseme: kwa sukari haina kosa. Kikombe gramu 200, nimepima mara tatu na imetoka hivyo hivyo. Unga wa ngano nao, ukiutia kwa kijiko bila kuushindilia, inakaribia sana. Vitu vikavu vyenye punje sawasawa inaviweza, na anayeoka keki tu huenda asione tatizo lolote. Nilikuwa nishaandika nyota tatu.

Lakini nikakumbuka jibu la wenye programu. Niliwaandikia kwa adabu, nikawapa vipimo vyangu vyote, vya vipande vikubwa na vidogo, ili wasaidike na wenzangu wasaidike. Wakanirudishia mstari mmoja: "Kikombe ni kikombe dada, jifunze kupima kwanza." Nijifunze mie, niliyekesha nikiwapimia wao! Hakuna pole, hakuna "tutaangalia". Nimezifuta zile nyota tatu.

Jamu nimeirudia yote kwa pesa zangu. Mteja kapata chupa zake siku mbili baada ya ahadi, hakusema neno, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu tangu siku hiyo hajaagiza tena.

Nyota moja, kwa ajili ya sukari. Wakiweka swali la ukubwa wa vipande, nitarudi kuiongeza. Kwa sasa, mwenye kupika matunda apime kikombe chake mwenyewe kwenye mizani, aandike ukutani.