Uzoefu wangu: nimehamia Debian 13 na Plasma 6, programu zikawa zinajifunga zenyewe

Nina steshenari ndogo hapa Pasiansi, Mwanza, njia ya kwenda airport. Kazi zangu ni zilezile za steshenari zote, CV, barua, kuskani vitambulisho, kadi za michango ya harusi. Mashine ya kazi ni ThinkPad ya mtumba yenye Debian (aina ya Linux) na KDE, wale wenye desktop ya Plasma, na kwa kweli naipenda, flashi za wateja zinakuja na virusi vya kila aina na vinaishia hukohuko kwenye flashi.

Sasa Debian 13 ilivyotoka Agosti 2025 nikasubiri kidogo wengine watangulie, halafu nikaapgredi usiku kwa bando la usiku. Ikapita vizuri, hakuna hata era moja. Kwa wasiojua, hapa Plasma inatoka 5.27 kwenda 6.3 na sio suala la ikoni mpya tu, karibu programu zote za KDE zinahama Qt 5 kwenda Qt 6, yaani ule mtambo wa chini unaochora madirisha na vibonyezo. Na ukilogini unaingia Wayland badala ya X11, yaani njia mpya na ya zamani za kupeleka picha kwenye skrini. Kumbukeni hilo la Qt maana ndo kila kitu.

Asubuhi nafungua duka, mteja wa kwanza mzee mmoja katoka Igombe anataka barua ya kupeleka BMU (kikundi cha kusimamia mwalo wa wavuvi), nafungua LibreOffice, dirisha linatokea nusu linapotea. Nafungua tena, linapotea. Dolphin ya kufungulia mafolda hivyohivyo, Okular ya kusomea PDF hivyohivyo, Konsole ya kuandikia amri ndo haionekani kabisa na paneli ya chini inazima inarudi inazima inarudi. Mzee kaangalia weee akaniuliza, "Kijana, hiyo kompyuta yako ina degedege?" Nikamwandikia barua kwenye Google Docs nikaprinti akaondoka zake.

Jirani yangu fundi simu ushauri wake ukawa uleule wa siku zote, piga chini weka Windows. Hapana mkuu. Ukipiga chini hujui tatizo lilikuwa nini na kesho likirudi unaanza upya.

Nilichofanya nikatulia kwanza nikaangalia nani anakufa na nani anapona. Firefox inafunguka, GIMP inafunguka, Inkscape inafunguka, hizo ni GTK, mtambo mwingine wa kuchora madirisha. VLC nayo inafunguka, na VLC ya Debian 13 bado inatumia Qt 5! Zinazokufa ni za Qt 6 peke yake, na LibreOffice ukiwa KDE inachora madirisha yake kupitia Qt pia ndo maana nayo ilikuwemo kwenye msiba. Kwa muda nikawa naifungua kwa SAL_USE_VCLPLUGIN=gtk3 libreoffice, inapita pembeni ya Qt na kazi za wateja zikaendelea.

Watu wengi wanakimbilia kusema ni Wayland. Nikatoka, pale kwenye kulogini nikachagua Plasma ya X11, zikakufa vilevile, kwa hiyo Wayland haina kesi. Nikatengeneza yuza mpya, adduser majaribio, nikaingia nayo: kila kitu safi, Dolphin inafunguka, paneli imetulia. Hiki kipimo ni cha dakika chache tu na kinakuokoa kuformati mashine bure, maana kama yuza mpya yuko sawa basi mfumo unaweza kufanya kazi, kuna kitu kwenye setingi zako ndo kinaita balaa.

Nikarudi kwenye akaunti yangu, Konsole imekufa kwa hiyo nikaandikia amri kwenye xterm (msiitoe hiyo xterm jamani, ni mbaya kwa sura ila siku ya shida ndo inabaki). Nikaandika env | grep QT, hii hapa: QT_STYLE_OVERRIDE, setingi inayolazimisha programu za Qt zitumie themu fulani, na imetajwa themu moja ya nje. Nikajaribu na Breeze, themu ya KDE yenyewe:

QT_STYLE_OVERRIDE=Breeze dolphin

Ikafunguka. Nilipiga kelele mpaka muuza chipsi akachungulia.

Ila nilitaka kujua hiyo themu inaua vipi. Nikaweka systemd-coredump, inayorekodi programu ilikufaje, kwa apt (kiinstola cha Debian), nikaiacha Dolphin ife tena, halafu coredumpctl info. Ule mlolongo unaotoka juu kabisa umejaa jina la plagini ya themu, ipo kwenye folda ya qt6/plugins/styles. Nikauliza dpkg -S hilo faili ni la pakeji gani, jibu ni kwamba halina mwenyewe. Hapo nikacheka, kuna dogo aliipamba hii mashine enzi za Debian 12 ifanane na Mac, aliikompaili themu kwa mkono dhidi ya Qt 6.4. Wakati ule programu zangu karibu zote zilikuwa Qt 5 kwa hiyo hiyo plagini ilikuwa imelala tu. Debian 13 imeleta Qt 6.8, karibu KDE yote imehamia huko, plagini ikaamka. Na apt haiwezi kuapdeti kitu ambacho haikukiweka yenyewe. Nikafuta faili, nikafuta na ule mstari wa QT_STYLE_OVERRIDE kwenye .profile, faili linalosomwa ukilogini, nikatoka nikaingia tena, kimya mpaka leo.

Plasma 6 yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Okular imekuwa nyepesi, skrini ya nje naichomeka na kuchomoa bila drama. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya wijeti zangu za zamani, zile za Plasma 5 hazifanyi kazi humu mpaka mwenyewe aliyeziandika azihamishe, na wengine wameshaziacha. Halafu kufungua folda sasa ni kubonyeza mara mbili, nikarudisha mara moja kwenye setingi, kidole kilishazoea. Ile paneli inayoelea nayo nimeigandisha chini.

Ile kompyuta yangu nyingine ya kuprintia, ya 32-bit, sijaigusa. Debian 13 haina tena instola ya i386, yaani hiyo 32-bit, na 12 itapata LTS (matengenezo ya muda mrefu) mpaka Juni 2028, kwa hiyo itazeekea hukohuko.