Jeki ya Pikipiki kwa Gereji ya Nyumbani: Anza kwa Kuchungulia Tumbo

Karibuni, watazamaji. Leo tuna vifaa vitatu hapa sakafuni: stendi ya nyuma, jeki ya mkasi, na hili dude kubwa, meza ya haidroliki, inayoinuka kwa nguvu ya mafuta. Najua swali linalokuja ni ipi kali kuliko zote. Ngoja kwanza. Chukua tochi, lala chini, chungulia tumbo la pikipiki yako. Jibu liko huko.

Wanunuzi wengi huanza na kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko. Meza za nyumbani nyingi zimeandikwa kilo 450, na jeki za chini zipo mpaka 680. Pikipiki ndogo ya injini ya 125 au 150 ina kilo 110 hadi 140. Hata Honda Gold Wing, ambayo ni nyumba inayotembea, inapita kilo 350 na bado meza ya 450 inaibeba. Basi acha akiba kidogo, kwa sababu uzito ule umepimwa ukiwa umekaa katikati, si umening'inia upande mmoja. Zaidi ya hapo, kilo hazikusaidii kuchagua.

Kinachochagua ni tumbo. Angalia hii ya kwanza hapa. Unaona mabomba mawili ya fremu yanapita chini ya injini, kushoto na kulia, yamenyooka? Hii ni rafiki wa jeki ya mkasi. Sasa njoo kwenye hii ya pili. Hakuna fremu chini. Injini yenyewe ndiyo fremu, ekzosi imepita katikati, chujio la oili limechungulia mbele, na ile sampo, bakuli la oili chini ya injini, ni alumini nyembamba. Ukiweka jeki hapo, unainua pikipiki nzima kwa kitu kilichotengenezwa kushika oili tu. Itapasuka, au bomba la ekzosi litabonyea, na nati ya kumwagia oili itakuwa imesukumwa ndani na nyuzi zake. Pikipiki ya namna hii inataka stendi au meza. Jeki ya mkasi isahau kabisa, hata kama unapewa bure.

Stendi ya nyuma nitaipitia haraka, kwa sababu haina siri nyingi. Inashika swingamu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Kama swingamu yako ina matundu ya bolti, funga vile vigurudumu vya plastiki vya kushikia; ukubwa wa nyuzi huwa M6, M8 au M10, yaani kipenyo cha milimita 6, 8 au 10, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kama haina, utatumia vikombe vya mpira vinavyokaa chini ya swingamu, na hivyo huteleza zaidi. Kwa kulainisha cheni, kukaza cheni, kutoa gurudumu la nyuma, stendi hii inatosha kabisa. Kosa kubwa ni kuanza na stendi ya mbele. Nyuma kwanza, mbele baadaye. Kushusha, mbele kwanza. Na kama unataka kuhudumia shokapu za mbele, usitumie stendi inayoshika chini ya shokapu hizohizo. Tumia inayoingiza pini chini ya shingo ya fremu.

Sasa jeki ya mkasi. Hii hapa, imelala, ina kimo cha sentimita 9 na nusu. Ikisimama inafika kama 40. Inazungushwa kwa spana kwenye skrubu hii ndefu. Uzuri wake ni kwamba skrubu haishuki yenyewe: hakuna mafuta, hakuna sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya kuvuja. Ubaya wake ni upana. Tazama kitako chake kilivyo chembamba, halafu fikiria usukani wa pikipiki uko wapi huko juu. Ukivuta spana ndefu upande, unaisukuma pikipiki yote.

Ndiyo maana kuna sheria moja ninayotaka ushike: chochote kilicho kigumu, kilegeze tairi zikiwa bado chini. Nati ya ekseli ya nyuma mara nyingi imekazwa karibu na nyutoni mita 100, kipimo cha nguvu ya kukaza. Ukipanda juu ya mpini wa spana kulegeza nati hiyo wakati pikipiki imekaa kwenye jeki, umeiangusha. Ilegeze chini robo mzunguko, kisha ndipo uinue. Wakati wa kurudisha ni hivyohivyo: kaza kwa mkono juu, kaza kwa spana ya kipimo chini.

Kupata mahali pa kuweka jeki, usikisie. Weka ubao wa milimita 18 juu ya bapa za jeki ili chuma kisigusane na rangi, isogeze chini ya fremu, pandisha mpaka iguse tu. Halafu endelea taratibu, nusu mzunguko, nusu mzunguko, mkono mmoja ukiwa kwenye kiti. Ni gurudumu lipi limeacha sakafu kwanza? Kama ni la nyuma, uzito umelalia mbele: shusha, sogeza jeki mbele sentimita 2 au 3. Kama ni la mbele, rudisha nyuma. Zikinyanyuka karibu pamoja, umepata kitovu cha uzito. Chora alama kwa kalamu ya rangi kwenye fremu, usitafute tena siku nyingine.

Lakini kitovu hicho kinahama! Hapa ndipo watu wanapopoteza pikipiki. Ukitoa gurudumu la nyuma, sehemu ya nyuma imekuwa nyepesi, na mbele inataka kwenda chini. Ukitoa shokapu za mbele pamoja na gurudumu lake, mambo yanageuka. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote kizito, weka tegemeo upande utakaobaki mzito, na ufunge mkanda kutoka pikipiki hadi kwenye kitu kisichotembea.

Haya, meza. Pumua, maana hapa pana mengi.

Anza na chumba, si meza. Meza ya kawaida ina urefu wa mita 2 na ushee na upana wa sentimita 55 hadi 70. Ikiinuka inafika sentimita 75 hadi 80. Juu yake weka pikipiki yenye vioo, sentimita 120 nyingine: umeshafika mita 2. Sasa tazama juu. Kama mlango wa gereji unakunjukia darini, reli zake ziko wapi? Taa iko wapi? Halafu kuna jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi: meza nyingi zenye mikono sambamba haziendi juu moja kwa moja. Zinapanda kwa upinde, zikisogea mbele au nyuma kwa makumi ya sentimita. Angalia nikiipandisha hii... unaona ukingo ulivyouacha ule mstari wa chaki? Ukiisogeza karibu na ukuta ikiwa chini, itakwenda kuukuta ukuta ikipanda. Yenye mkasi kamili, wa miguu inayopishana kama herufi X, hupanda wima zaidi.

Sakafu iwe zege tambarare. Kwenye udongo au vigae vyepesi, vigurudumu vidogo vya meza hukandamiza sehemu ndogo sana na kuzama. Kama meza ina matundu ya kuifunga sakafuni, yatumie, hasa kama pikipiki yako ni nzito. Meza isiyofungwa inaweza kuteleza wakati unapandisha pikipiki kwenye rampu, na hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Ukikanyaga pampu mara za mwanzo, utaona nzito mno, halafu inakuwa nyepesi kadiri inavyopanda. Si ubovu. Meza ikiwa chini, silinda imelala karibu sambamba na sakafu, na nguvu yake nyingi inasukuma mbele badala ya juu. Ndiyo maana meza ya bei rahisi yenye silinda fupi hulalamika hapo mwanzo. Ukiwa na kompresa, zipo zinazotumia hewa ya bar 6 hadi 8. Zinapumzisha mguu, mengine yote ni yaleyale.

Sasa sogeza kamera hapa chini. Hili ndilo komeo la usalama. Unaona meno haya, na huu mhimili unaoanguka ndani yake? Ukifika kimo unachotaka, hujamaliza. Pandisha kidogo zaidi, achilia komeo lishuke kwenye jino, kisha fungua valvu ya kushushia pole mpaka uzito wote ulale juu ya komeo. Sikia... tap. Sasa pistoni haibebi kitu. Mafuta kazi yake ni kuinua. Kushika ni kazi ya chuma. Sili ya mpira inaweza kuchoka wakati wowote, na wewe uko chini unatafuta nati iliyodondoka. Meza yenye komeo la jino moja tu, au pini ya kuchomeka kwa mkono kama msumari, mimi singeinunua.

Kupandisha pikipiki. Meza ikiwa chini kabisa ina kimo cha sentimita 18 hivi. Rampu ya sentimita 60 ina maana mwinuko wa nyuzi 17, mkali kweli. Pikipiki yenye tumbo la chini itakwama pale rampu inapokutana na meza. Suluhisho ni rampu ndefu zaidi, au ubao mnene mbele ya rampu kuanzia mwinuko mapema. Usipande ukiwa umekaa kitini. Ukisimama, mguu unatafuta sakafu ambayo haipo. Tembea pembeni kushoto, injini ikinguruma, gia ya kwanza, klachi nusu, kidole kwenye breki ya mbele. Kumbuka wewe unabaki chini na pikipiki inapanda sentimita 18, kwa hiyo usukani utakuwa juu kuliko ulivyozoea. Mwenzako akae upande wa kulia. Zima injini mara tairi inapoingia kwenye kibano, yale mataya ya mbele ya meza yanayoshika tairi.

Kibano kishike mpira wa tairi, kisiguse spoki wala ringi, na sehemu yake ya mbele irekebishwe kufuata ukubwa wa tairi. Wengine hukaza kibano na kuona wamemaliza. Hapana. Kibano ni mkono wa tatu tu. Mikanda ndiyo inayoifunga pikipiki. Mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma, yenye kulabu zilizofunikwa plastiki. Ile ya mbele ipite kwenye kile kipande cha chuma cha chini kinachoshika shokapu mbili. Usiifunge kwenye mpini wa usukani, kwa sababu ni nyenzo ndefu, utazungusha usukani na kupinda mpini. Na kabla hujakaza, pitisha kidole nyuma ya mkanda: kuna bomba la breki hapo? Waya? Ondoa. Vuta kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka shokapu zimezama kama theluthi moja. Racheti, kile kikazio cha mkanda chenye meno, hukaza kupita kiasi bila wewe kuhisi, hivyo tazama shokapu, usisikilize mlio.

Ukitaka kutoa gurudumu la nyuma, chomoa kile kipande cha nyuma cha meza, gurudumu lipite chini. Ila kwanza weka jeki ndogo ya mkasi juu ya meza, chini ya fremu. Pikipiki ikinyanyuka hata sentimita 2, mvuto wa mikanda unabadilika. Rekebisha mikanda papo hapo.

Matunzo hayachukui dakika nyingi. Grisi kwenye pini zote za mikono, ukaguzi wa zile klipu za mwisho wa pini, na jicho kwenye viungo vya kuchomelea: ukiona ufa au kutu inayofuata mstari, simamisha kazi. Mafuta ni ya haidroliki, ISO 22 au 32 (namba ya uzito wa mafuta) kama kijitabu kinavyosema. Usiweke mafuta ya breki kamwe, yanavimbisha sili mpaka pampu inakufa. Pima kiwango meza ikiwa chini kabisa; ukijaza ikiwa juu, yatafurika ikishuka.

Meza ikipanda kwa kuruka-ruka, kuna hewa ndani: fungua valvu, kanyaga pampu mara 10 hadi 15 bila mzigo, funga, jaribu tena. Ikiishia katikati, mafuta ni pungufu. Ikishuka polepole yenyewe, mara nyingi ni uchafu kwenye kiti cha valvu kabla ya kulaumu sili. Ifungue na kuifunga mara kadhaa, na isipoacha, badilisha seti ya sili. Ikigoma kushuka bila mzigo, hiyo si hitilafu, nyingi huhitaji uzito kidogo juu yake.

Kushusha: kanyaga pampu kidogo ili komeo lipate nafasi, liinue, hakikisha hakuna mguu, mtoto, paka wala waya wa tochi chini, kisha fungua valvu robo mzunguko, si zaidi. Ikifika chini, toa stendi ya pembeni na hakikisha inakanyaga meza, si hewa, maana meza ya sentimita 55 ni nyembamba. Kisha fungua mkanda wa kulia kwanza. Ukianza na wa kushoto, ule wa kulia utaivuta pikipiki mbali na mikono yako. Ukianza na wa kulia, pikipiki inaegemea stendi, upande ulipo wewe. Kibano kifunguliwe mwisho kabisa, halafu irudishe nyuma kinyumenyume, injini imezimwa, kidole kwenye breki ya mbele.