Bei ya simu na bei ya kaunta: uzoefu wangu na kliniki moja ya meno hapa Dar

Nianze kwa kumpa daktari haki yake. Ana mkono mwepesi, sindano ya ganzi nilikuja kujua imeshaingia anapoitoa. Yeye nyota tano. Tatizo ni kaunta.

Nilishapiga simu mapema kuuliza kutibu mzizi wa jino ni kiasi gani. "Laki moja na nusu." Simu ikakatwa. Nikajipanga na laki mbili, nikijua dawa na nauli zimo humohumo. Sasa natoka kwenye kiti, nusu ya mdomo imekufa ganzi, udenda unachuruzika wala sina habari, dada wa mapokezi ananisogezea karatasi: laki tatu na nusu. Kumwona daktari 30,000. Picha za eksirei mbili, 40,000. Dawa 30,000. Na jino lenyewe limeshafika 250,000! Nauliza kulikoni, anatafuna bigijii zake (kliniki ya meno, jamani) hata uso hainui: "Mama, ile bei ni ya jino la mbele. Lako gego."

Nikataka kumjibu, ulimi umegoma. Yaliyotoka yalikuwa maneno ya mlevi, na watu kwenye benchi wakaangua kicheko.

Kwamba gego ni ghali sikatai. Daktari alinionyesha kwenye picha: jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja wa mzizi, gego huwa na mitatu, hata minne, na kila mmoja lazima usafishwe mpaka chini ndipo uzibwe. Kazi kubwa, bei ipande, sawa. Lakini kwenye simu nilisema gego. La chini, kulia. Nilisema!

Halafu kuna kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulifunika jino zima. Gego likishatibiwa mzizi ni jepesi kupasuka, kwa hiyo linavalishwa kofia, na hiyo ni laki nne nyingine ambayo bima yangu ya kazini haigusi. Haya naambiwa nikiwa nimeshalipa. Ningeyajua tangu mwanzo pengine ningeng'oa tu, au ningesukuma na Panadol na karafuu mpaka mshahara utoke.

Nilikuwa nimeshaweka nyota mbili. Juzi nikanywa maji ya baridi upande uleule, kimya, wala hakuna kilichoshtuka. Miezi yote ile sikuwa nalala! Nikapandisha zikawa nne, maana kazi ya yule daktari ni kazi kweli. Kisha nikakumbuka risiti. Nilipoiomba niliambiwa mashine haina mtandao, nipite siku nyingine. Nimepita, bado haina. Basi moja, na hiyo moja ni ya daktari.

Mkipiga simu tajeni jino gani, ulizeni picha imo, kofia imo, kisha waambieni wawaandikie kwa meseji. Mimi kofia nitarudi kuvalishwa palepale, nimpelekee nani mwingine gego langu? Ila safari hii hesabu tunaimaliza kabla ya ganzi, ulimi ukiwa mzima.