Be Internet Awesome na mchezo wa Interland: tathmini ya mwalimu wa shule ya msingi

Be Internet Awesome, programu ambayo Google waliizindua nchini Marekani mwezi Juni 2017, ni miongoni mwa vifurushi vinavyojulikana zaidi vya kuwafundisha watoto wa shule usalama na uraia wa kidijitali. Ina sehemu mbili: mtaala wa masomo unaopakuliwa bure kama faili la kuchapisha, na mchezo wa kompyuta uitwao Interland, unaochezwa kwenye kivinjari bila mtoto kufungua akaunti wala kuandika jina lake popote. Walengwa ni watoto wa umri wa takriban miaka 7 hadi 12. Nimekitumia kifurushi hiki na wanafunzi wa darasa la tano na la sita katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, na msimamo wangu ni kwamba mtaala ni bora kuliko mchezo, somo la mwisho ni bora kuliko mengine yote, na mifano ya utapeli iliyomo inapaswa kubadilishwa kabla ya kufikishwa mbele ya mtoto wa Kitanzania. Nakala ninayoizungumzia hapa ni ile ya Kiingereza, jambo ambalo si dogo kwa shule zinazofundisha kwa Kiswahili.

Nianze na mchezo, kwa kuwa ndio unaowavutia watoto. Interland ina nchi nne. Katika Reality River mtoto huvuka mto kwa kujibu maswali kuhusu ujumbe wa kweli na wa uongo. Katika Mindful Mountain huelekeza mwale wa taarifa umfikie anayestahili kuzipata na si mwingine. Katika Tower of Treasure hukimbia akikusanya herufi za nywila huku mdukuzi akimfukuza. Na katika Kind Kingdom hueneza wema na kuzuia wachokozi. Michoro ni mizuri kweli, na hakuna mtoto niliyemwona akichoka nayo. Hata hivyo, Reality River inategemea kusoma sentensi ndefu za Kiingereza, hivyo mtoto ambaye hajaielewa lugha hubahatisha tu, na kubahatisha ndiyo tabia hasa tunayotaka kuiondoa. Nilichofanya ni kuuonyesha mchezo kwa projekta, nikasoma kila swali kwa Kiswahili na kuliacha darasa zima libishane kabla ya kubonyeza jibu. Ulipogeuzwa kuwa mjadala, mchezo ulikuwa na manufaa zaidi kuliko pale mtoto mmoja mmoja alipokaa nao peke yake. Mwalimu asiye na projekta anaweza kutumia kishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa walimu, ingawa kundi la watoto linalokizunguka halipaswi kuzidi watano au sita.

Mtaala umejengwa juu ya mambo matano: kushiriki taarifa kwa uangalifu, kutonaswa na uongo, kulinda siri, kuwa na utu mtandaoni, na kumwambia mtu mzima unapokuwa na shaka. Kila jambo lina mazoezi kadhaa ya darasani, na mengi kati ya hayo hayahitaji kompyuta wala intaneti. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kifurushi hiki kwa mazingira yetu, na inashangaza kwamba haitajwi sana.

Somo la nywila lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mtaala unashauri nywila yenye angalau herufi nane, ikichanganya herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, nao unampa mtoto mbinu ya kutunga sentensi yake na kuchukua herufi za mwanzo. Binti mmoja wa darasa la tano alitunga sentensi isemayo kwamba mbuzi wa babu alikula daftari tatu za hesabu, akaandika ubaoni Mwbad3zh!, na wenzake wote wakaikumbuka wiki iliyofuata. Bila shaka nywila hiyo haifai tena kutumika baada ya kuandikwa ubaoni, na nilihakikisha wanaelewa hivyo. Ningependa mtaala usisitize urefu zaidi ya mchanganyiko wa alama, kama ulivyoshauri mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka huohuo wa 2017, kwa maana nywila ndefu ya maneno yasiyohusiana ni ngumu kuvunjwa na bado ni rahisi kukumbukwa. Vilevile, siri ya kwanza ambayo mtoto wetu anaijua si nywila ya barua pepe, bali ni namba ya siri ya simu ya mzazi au ya bibi. Katika nyumba nyingi mjukuu anayejua kusoma ndiye anayemsomea bibi ujumbe na kumsaidia kutoa fedha kwa wakala, na kwa hiyo mtoto huyo ni mlinzi wa fedha za familia hata kabla hajamiliki simu yake. Mtaala haumfikirii mtoto wa namna hii, na pengo hilo lazima mwalimu alizibe mwenyewe.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi katika somo la utapeli. Mifano ya mtaala ni barua pepe za kughushi, tovuti bandia na madirisha yanayochomoza yakimpongeza mtu kwa zawadi. Wanafunzi wangu hawana barua pepe. Wanachokijua ni ujumbe mfupi wa simu unaosema, «Ile hela tuma kwenye namba hii», nami niliuandika ubaoni kama ulivyo na kuwauliza ni nani katika nyumba yao angeuamini. Mvulana mmoja alijibu kwamba mama yake angetuma, kwa sababu siku hiyohiyo alikuwa anadaiwa mchango wa harusi. Jibu hilo lilieleza jinsi utapeli huu unavyofanya kazi kuliko ukurasa wowote wa mtaala: tapeli hamjui anayemwandikia, anatuma ujumbe uleule kwa namba nyingi mno, na humnasa yule ambaye tayari alikuwa na mtu anayesubiri fedha zake. Kutoka hapo tulikubaliana hatua moja tu ambayo mtoto anaweza kuifanya nyumbani, yaani kumwomba mzazi ampigie anayedai fedha kwa namba iliyohifadhiwa kwenye simu, na si kwa ile iliyoleta ujumbe. Maswali ya mtaala yanayomtaka mtoto ajiulize nani ametuma, anataka nini na kwa nini ana haraka, yanafaa sana. Ni mifano tu ndiyo isiyofaa.

Somo la kushiriki taarifa lina zoezi zuri linalowataka watoto wakisie maisha ya mtu kutokana na vitu alivyoviweka mtandaoni. Nililibadilisha kwa kuchora picha ya mwanafunzi amesimama kituoni, na darasa likataja yote ambayo mgeni angeyajua: jina la shule kwenye nembo ya sweta, njia ya daladala, saa ya kurudi nyumbani, hata kwamba anatembea peke yake. Kuhusu utu mtandaoni sina mengi ya kusema; ni somo sahihi, na linatofautisha vizuri kati ya anayeshuhudia uonevu akanyamaza na anayesimama upande wa aliyeonewa.

Somo la tano, la ushujaa wa kusema, ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Linamwambia mtoto kwamba kuomba msaada ni ujasiri, na linampa nafasi ya kutafakari ni wakati gani wa kumwendea mtu mzima na ni wakati gani wa kutumia kitufe cha kuripoti. Inasikitisha kwamba jambo hili pekee halikupewa nchi yake katika Interland, kwani mtoto anayecheza bila mwalimu anamaliza nchi zote nne na kupata cheti bila kukutana nalo kama alivyokutana na mengine. Kwetu somo hili linahitaji kwenda mbali zaidi, kwa sababu mtoto wetu anaogopa kuchapwa au kupigwa marufuku kugusa simu kuliko anavyomwogopa mtu aliyemwomba picha. «Mwalimu, na kama aliyenitumia ni mjomba?» aliniuliza mmoja wao, na swali hilo halina jibu ndani ya mtaala uliochapishwa Marekani. Jibu lake lipo hapa nchini: Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayoendeshwa na shirika la C-Sema na kupigwa bila malipo, pamoja na Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Namba hiyo iandikwe ubaoni katika kipindi cha kwanza, isisubiri cha mwisho.

Kuna dosari nyingine ambayo siwezi kuinyamazia. Kifurushi hiki kimetolewa na kampuni ambayo mapato yake makubwa yanatokana na matangazo, na mzigo wa usalama umewekwa karibu wote mabegani mwa mtoto: achunguze, afikirie, ajizuie. Maswali kuhusu taarifa ambazo kampuni yenyewe inakusanya, au kwa nini video moja hufuatiwa na nyingine bila mwisho, hayapewi uzito unaostahili. Mwalimu atenge kipindi kwa hayo.

Shule nazo zijitazame. Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini bado tunaona picha za watoto na matokeo yao ya mitihani, majina yakiwa kamili, yakisambazwa katika makundi ya WhatsApp ya wazazi. Ni vigumu kumfundisha mtoto kushiriki kwa uangalifu huku sisi tukifanya kinyume chake.

Kwa mwalimu mwenye vipindi viwili tu, ningeshauri afundishe somo la tano kisha la pili, yaani lile la utapeli, na auache mchezo kabisa. Mwenye muhula mzima afundishe yote matano, na Interland aitumie kama zawadi mwishoni mwa kila mada. Kwa darasa la pili na la tatu ningetumia masomo ya utu na ya kusema pekee. Faili la mtaala lipakuliwe mara moja, na zichapishwe kurasa za mazoezi tu, kwa kuwa sehemu kubwa iliyobaki ni maelezo ambayo mwalimu anaweza kuyasoma kwenye simu yake.